Unaanzaje kazi ya usalama wa mtandao? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa vijana wa fildi niliokaa nao kazini Dar es Salaam, kwa ndugu na jamaa wanaonipigia simu matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na kwa watu wazima wenye kazi zao wanaotaka kuhamia huku. Mimi niko upande wa ulinzi: timu yetu inafuatilia mifumo ya kampuni usiku na mchana, tukitafuta dalili kwamba kuna mtu ameingia asipotakiwa. Mwenzangu anayelipwa kujaribu kuivunja mifumo hiyo angejibu baadhi ya maswali tofauti, lakini kwenye msingi tungekubaliana.

Kazi yenyewe ni nini hasa?

Siku nyingi ni kuhakikisha mambo ya kawaida yamefanyika. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai fidia iliyoitwa WannaCry ilizunguka dunia ndani ya saa chache, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza, za viwanda na za ofisi katika nchi zaidi ya 100. Kasoro iliyotumika ilikuwa ndani ya Windows, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake (sasisho la kuiziba) tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliokuwa wamekiweka hawakuguswa kwa njia ile. Kazi yetu ni kuhakikisha kiraka kama hicho kimefika kwenye kila kompyuta ya kampuni, pamoja na ile moja ya stoo ambayo hakuna anayekumbuka kuwa ipo.

Ukisoma matangazo ya kazi utaona makundi matatu makubwa. Kuna walinzi, wanaosoma kumbukumbu za mifumo (rekodi za nani ameingia na amefanya nini) na kushughulikia matukio. Kuna wajaribu, wanaopewa ruhusa ya maandishi kuvamia mfumo ili waeleze wameingilia wapi. Na kuna watu wa sera, ukaguzi na sheria, ambao wengi wanaoanza hata hawajui kama wapo, na kumbe huko ndiko nafasi nyingi zinakofunguka sasa hivi. Nitalirudia hili chini.

Nimeshapakua Kali Linux. Sasa nifanye nini?

Iweke pembeni kwa muda. Kali ni aina ya Linux, mfumo endeshi kama Windows, iliyojazwa vifaa vya kujaribu usalama. Ni sanduku la vifaa vya fundi, na fundi anayefungua injini ambayo hajawahi kuisikia ikinguruma vizuri hatajua kilichoharibika. Nawaambia hivi vijana wote: ujue kwanza kitu kikiwa kizima.

Anza na mitandao. Sakinisha Wireshark, programu ya bure inayokuonyesha kila pakiti (kipande kidogo cha data) inayoingia na kutoka kwenye kompyuta yako. Anza kurekodi, fungua tovuti moja tu unayoitembelea kila siku, kisha simamisha. Utakuta mamia au maelfu ya mistari kwa ukurasa mmoja. Usiogope. Kwenye sehemu ya kuchuja andika dns. Utaona kompyuta yako ikiuliza: jina hili lina anwani gani? Na jibu likirudi. Ukikuta patupu, huenda kivinjari chako kinayasimba maswali hayo, yaani kinayageuza yasisomeke na mtu mwingine. Fungua terminali, andika nslookup na jina la tovuti, uangalie tena.

Ukishaipata anwani, chuja kwa tcp utafute mistari mitatu inayofuatana: SYN, SYN-ACK, ACK. Hapo mmoja amepiga hodi, mwenzake ameitika karibu, wa kwanza ameingia. Baada ya hapo, kwa tovuti ya poti 443 (mlango wa tovuti za https), wanakubaliana namna ya kusimba mazungumzo, na kuanzia pale huoni tena wanachosemezana. Rudia zoezi hili kwa tovuti tano, kwa programu ya simu, kwa printa ya ofisini kama una ruhusa. Ukiweza kumweleza mdogo wako kila hatua bila kusoma popote, umeshapiga hatua ambayo wengi wenye vyeti viwili vitatu hawajaipiga.

Baada ya mitandao, Linux ya kawaida: kuhamisha mafaili, ruhusa za mafaili, kusoma kumbukumbu, kuandika skripti fupi (amri kadhaa zinazojiendesha zenyewe). Kisha Python, lugha ya kuandika programu, kidogo. Kisha jinsi tovuti zinavyofanya kazi, na hapo Web Security Academy ya PortSwigger ni bure na ni nzuri kuliko kozi nyingi za kulipia nilizoziona. Ukifika hapo, itoe Kali kwenye sanduku.

Laptopu yangu ni ya zamani, RAM ya GB 4, na bando ni ghali. Inawezekana?

Inawezekana kwa miezi mingi ya mwanzo. Anza na Bandit ya OverTheWire. Ni mchezo wa hatua kwa hatua unaounganishwa kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa kuandika amri, na kwa kuwa ni maandishi matupu, data unayotumia ni ndogo kuliko video moja ya WhatsApp. Nimemwona kijana akiucheza kwenye simu ya Android kwa kutumia programu ya Termux, ndani ya daladala ya Mbagala, akamaliza hatua 15 kwa wiki mbili. picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nayo ni bure, na TryHackMe ina vyumba vya bure vinavyofunguka ndani ya kivinjari, kwa hiyo kazi nzito inafanyika kwenye seva zao.

Ukitaka maabara yako mwenyewe, tafuta mashine ya mtumba yenye RAM ya GB 8, na ikiwezekana 16. Weka VirtualBox, ambayo ni bure, na ndani yake kompyuta pepe mbili (zinazoendeshwa ndani ya laptopu yako): Kali upande mmoja, Metasploitable upande wa pili, ambayo imetengenezwa makusudi ikiwa na matundu. Faili la Kali lina GB kadhaa, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku au chuoni. Zifunge mashine hizo kwenye mtandao wa ndani ya laptopu tu. Metasploitable haitakiwi kuonekana kwenye Wi-Fi ya ofisi wala ya hosteli hata kwa dakika moja.

Lazima niwe na digrii ya kompyuta?

Kwa ajira za serikali na benki nyingi, tangazo litataja shahada, na mfumo wa maombi hautakuruhusu kupita bila hiyo. Kama bado hujaingia chuo na una nafasi, ingia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kina shahada ya mitandao ya kompyuta na uhandisi wa usalama wa taarifa. Kwa kampuni binafsi, hasa za ushauri na za teknolojia ya fedha, nimeona watu wakiingia na stashahada, na wachache bila karatasi yoyote, kwa sababu kazi yao ilionekana.

Kuhusu digrii ya fani nyingine, nina mfano ninaoupenda. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley kule California, mwanaastronomia aitwaye Clifford Stoll alihamishiwa kwenye kompyuta baada ya fedha za utafiti wake kwisha. Akapewa kazi ndogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zilikuwa zimepishana kwa senti 75. Mtu mwingine angezifuta. Yeye aliuliza senti 75 zimekwenda wapi, akakuta kuna mtumiaji asiyejulikana, akamfuatilia kwa miezi hadi Ujerumani, kwa kijana aliyekuwa akiiba taarifa za jeshi la Marekani na kuziuza kwa KGB. Alichoenda nacho kazini ni tabia ya mtu wa sayansi: aliandika daftari la kila siku, na tofauti ndogo hakuiacha ipite.

Mwalimu wa fizikia, mhasibu, muuguzi aliyezoea kujaza faili la mgonjwa kila saa, wote wanakuja na kitu cha aina hiyo.

Nifanye cheti kipi kwanza?

Swali hili ndilo linalowala watu fedha, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Usilipie cheti chochote kabla hujasoma miezi mitatu bure. Baada ya hapo, kwa asiye na uzoefu, nachagua kati ya viwili. CompTIA Security+ ni mtihani wa dakika 90, maswali yasiyozidi 90, na unafaulu kwa alama 750 katika kipimo kinachoishia 900. Unatambulika karibu kila mahali. Cha pili ni Certified in Cybersecurity cha shirika la ISC2, ambacho wengi wanakiita CC. Kilipoanzishwa mwaka 2022, ISC2 walitangaza mafunzo na mtihani bure kwa watu milioni moja. Angalia kama nafasi bado ipo unaposoma hapa. Kumbuka tu kwamba ukishafaulu kuna ada ya kila mwaka ya dola 50. Nimeona watu wakifurahia mtihani wa bure halafu cheti kinalala kwa kukosa ada hiyo.

Kama mitandao bado inakuchanganya, CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, itakujenga zaidi kuliko cheti chochote chenye neno usalama ndani yake. Binafsi ndicho kilichonifungua macho.

Kuhusu CISSP, cheti cha ISC2 cha wazoefu: kinataka uzoefu wa miaka mitano, kwa hiyo si cha mwanzo, na anayekuuzia kozi yake leo wakati huna kazi hakutakii mema. OSCP ni cha wajaribu na ni kigumu: saa 23 na dakika 45 za kuvamia mashine, kisha saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Tazama huo mgawanyo. Ukivunja mashine halafu ukashindwa kuandika ripoti inayoeleweka, umefeli. Wanaoupanga mtihani wanajua mteja ananunua ripoti.

Hisabati?

Kwa kazi nyingi, hesabu za sekondari zinatosha, pamoja na kuzoea namba za mfumo wa mbili ili ugawe mitandao. Ukitaka kubuni njia za usimbaji wenyewe, hapo ndipo hisabati nzito inaanza.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nitaweza?

Utaweza, ila kukikwepa haiwezekani. Nyaraka, mitihani na ujumbe wa makosa kwenye mifumo karibu vyote viko kwa lugha hiyo. Dawa yake ni daftari: kila siku ukurasa mmoja wa nyaraka, na kila neno jipya uliandikie maelezo kwa Kiswahili chako mwenyewe. Baada ya miezi sita utaona maneno ni yaleyale mia chache yanayozunguka.

Lakini kuna jambo ambalo linaniuma watu wakilisahau: Kiswahili ni mtaji kwenye kazi hii. Chukua ujumbe ambao karibu kila mwenye simu Tanzania ameshaupata: "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Angalia neno "ile". Mwizi hakuandika "pesa" tupu. "Ile" inamaanisha tulishazungumza, mimi na wewe tunajua ni ipi. Mwizi hajui chochote, ametuma kwa watu wengi kwa mpigo. Ila kati yao yupo mpangaji ambaye dakika hiyohiyo anajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi, yupo baba aliyeahidi ada asubuhi. Kwa hao, "ile" ina jibu. Kisha "jina litakuja fulani" inaziba tundu la mwisho. Mtandao wa simu unakuonyesha jina la mpokeaji ili ushtuke ukiona si lenyewe, na mwizi ameshakutuliza kabla hujaliona. Maneno hayafiki kumi, hakuna kirusi, hakuna kompyuta iliyovunjwa.

Mtu anayeweza kuyachambua hivyo, halafu akayaeleza kwa mawakala wa pesa, makarani na wahasibu kwa lugha wanayoiota, ana thamani kubwa. Semina nyingi za usalama ofisini zinaletwa kwa slaidi za Kiingereza zenye mifano ya Marekani, na mhudumu wa kaunta anatoka mikono mitupu. Ukiomba kazi na ukaonyesha somo la dakika 20 ulilolitunga mwenyewe kwa Kiswahili, nakuhakikishia mimi ningekuita kwenye usaili.

Naweza kujaribu ujuzi wangu kwenye tovuti ya chuo, halafu niwasaidie kwa kuwaambia?

Hapana. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nimeona kijana mwenye kipaji akipoteza mwaka wa masomo kwa jambo hili.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila uhalali, na adhabu yake huanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inafika faini ya shilingi milioni 5 za huko au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kosa ni kuingia. Kwamba hukuiba, hukufuta, na ulikuwa na nia njema, utayaeleza mbele ya polisi ukiwa umeshanyang'anywa laptopu.

Yule kijana alibadilisha tu namba kwenye anwani ya ukurasa wa matokeo, akaona matokeo ya mwenzake. Kasoro ya aina hiyo ina jina: udhibiti mbovu wa ruhusa, na orodha ya kasoro za tovuti ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, imeiweka namba moja. Hadi hapo alikuwa ameigundua kwa bahati. Kisha akaandika skripti ya kupitia namba zote, ili awe na ushahidi. Hiyo skripti ndiyo iliyomponza.

Ukikutana na kasoro bila kuitafuta, simama palepale. Usiende hatua ya pili kuhakiki. Andika ulichoona na saa, na uripoti kwa maandishi kwa wenye mfumo. Kuna pia timu za taifa za kushughulikia matukio ya mtandao: Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA, Kenya kuna KE-CIRT. Hamu ya kuvunja ipeleke kwenye maabara yako, tovuti ya mazoezi ya Hack The Box, au programu ya kampuni iliyotangaza waziwazi kwamba inakaribisha wajaribu.

Kwa hiyo zile zawadi za kuripoti kasoro zinaweza kuwa kipato changu cha kwanza?

Usizipangie kodi ya nyumba. Kupitia HackerOne au Bugcrowd, majukwaa yanayounganisha wajaribu na kampuni zinazotoa zawadi hizo, unashindana na watu wa dunia nzima waliofanya hivi miaka kumi, na ukiripoti kasoro ambayo mwingine aliiwahi, kwa kawaida hulipwi. Ni shule nzuri sana, hasa ukisoma ripoti za wengine zilizowekwa hadharani. Na kabla hujagusa chochote, soma mipaka ya programu neno kwa neno: kilichoorodheshwa kinaguswa, ambacho hakijaorodheshwa ni cha watu.

Kila tangazo linataka uzoefu. Naupata wapi bila kazi?

Kwenye kazi iliyo jirani. Dawati la msaada, fundi wa mitandao, msimamizi wa mifumo shuleni, kijana wa kompyuta kwenye SACCOS. Watu wanazidharau kazi hizi, nami nitakueleza kwa nini naziheshimu.

Nilianza kwenye kampuni moja ya usambazaji, nikifunga printa na kurudisha nywila zilizosahaulika. Jumatatu moja asubuhi seva ya uhasibu ilikuwa nzito, nikaitwa niiangalie. Kwenye kumbukumbu za usalama za Windows, tukio namba 4625 maana yake mtu amejaribu kuingia akashindwa, na 4624 maana yake ameingia. Nilikuta 4625 zimejipanga tangu Jumamosi jioni, sekunde chache kati ya moja na nyingine, majina ya akaunti yakibadilika: admin, administrator, user, test, halafu jina la mhasibu wetu. Maelfu. Kisha usiku wa kuamkia Jumapili, 03:12, 4624 moja. Jina la mhasibu.

Namba zile mtu yeyote angeziona. Kilichonipa uhakika ni kwamba nilimjua yule dada. Miaka miwili nilikuwa namtengenezea printa. Hakuwa na kompyuta ya kazi nyumbani, na akihitaji jambo nje ya saa za kazi alikuwa ananipigia mimi kwanza. Asingekuwa ndani ya seva usiku ule. Tukaja kukuta fundi wa nje aliyewahi kuja kurekebisha programu ya mahesabu aliacha poti 3389, mlango wa kuingilia kwa mbali, wazi kwa dunia nzima, na nywila ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Tulichomoa waya, tukafunga poti, tukabadilisha nywila zote, tukarudisha data kutoka nakala ya Ijumaa.

Siku hiyohiyo nilifanya kosa ambalo nawafundisha wote wasilirudie. Ruta ilikuwa inaandika kumbukumbu kwa saa za UTC, saa ya kimataifa ya mifumo, kwa hiyo tukio lilelile huko lilisomeka 00:12. Nikamwambia meneja kwa simu, "saa sita na dakika kumi na mbili usiku." Seva ikisema 03:12, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Tukahangaika nusu saa kumtafuta mvamizi wa pili ambaye hakuwepo. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, na saa yetu ya Kiswahili inapishana na ya mifumo kwa saa sita. Kwenye ripoti andika mfumo mmoja tu wa saa, wa tarakimu nne, na uutaje juu kabisa. Kwa mdomo, rudia mara mbili.

Ukiwa kwenye kazi kama hiyo, omba kazi za usalama ambazo hakuna anayezitaka: kuhakiki kama nakala za akiba zinarudishika kweli, kufuta akaunti za waliohama, kuorodhesha vifaa vyote. Baada ya mwaka una uzoefu unaoelezeka.

Na kama hata hiyo sina, niweke nini kwenye CV?

Kazi uliyoifanya maabara, iliyoandikwa. Chukua zoezi moja, liandike kurasa mbili: nilichokiona, wapi na saa ngapi, maana yake, madhara yanayowezekana, na jinsi ya kurekebisha. Matatu ya aina hiyo yaliyonyooka yana uzito kuliko orodha ya vifaa 30 unavyosema unavijua. Weka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kazi kama hizi, tuma kiungo. Usiweke hata picha moja ya mifumo ya mwajiri wako. Nikiiona, naifunga barua yako hapohapo.

Mimi ni mwanasheria, au mkaguzi. Nina nafasi?

Kubwa, na ni sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaleta Tume yake. Kenya walishakuwa na yao tangu 2019, na Kamishna wake ametoza faini kampuni za mikopo ya simu, shule na kumbi za starehe. Ghafla hospitali, shule, benki na kampuni za bima zinahitaji mtu wa kuwaambia wanakusanya taarifa gani, wanaziweka wapi, nani anaziona. Watu wa kompyuta wengi hawawezi kusoma sheria, na wanasheria wengi hawajui hifadhidata ni kitu gani. Ukijifunza nusu ya upande wa pili, umekuwa adimu. Soma ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, jiunge na tawi la nchi yako la ISACA, chama cha wakaguzi wa mifumo, na ulenge CISA, cheti chao cha ukaguzi, ukishapata miaka ya kazi.

Ni kazi ya wanaume?

Hapana. Ila dada atakayeingia bado atakuta vyumba ambamo yuko peke yake, na hilo linachosha, sitalificha. Tafuta wenzako mapema. Kenya kuna SheHacks, jumuiya ya wanawake wa fani hii, na CyberGirls ya CyberSafe Foundation ya Nigeria inafundisha bure wasichana kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Nimeona kozi ya wiki mbili inayoahidi ajira. Nilipie?

Usilipie. Ukiona tangazo la "kuwa mdukuzi" lenye picha ya fedha na gari, mwenye kozi anafundisha kile alichokipata kwenye video za bure. Uliza maswali mawili: mwalimu amewahi kufanya kazi wapi, na mwanafunzi gani wa mwaka jana naweza kuzungumza naye leo? Wakizunguka, hifadhi hela yako ya RAM.

Itachukua muda gani?

Kwa niliowaona, anayesoma saa mbili kila siku huku ana shughuli nyingine hufika kwenye kazi ya kwanza ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Waliotoka dawati la msaada huwahi zaidi.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Swali ambalo halikosekani: "Ukiandika anwani ya tovuti ukabonyeza, nini kinatokea hadi ukurasa utokee?" Ukilifanya lile zoezi la Wireshark utazungumza dakika kumi bila kukwama. La pili ni tofauti ya kusimba na heshi. Jibu fupi: kilichosimbwa kinarudi kwa mwenye ufunguo, heshi hairudi nyuma, ndiyo maana nywila huhifadhiwa kwa heshi. La tatu ni la hali: "Mfanyakazi amebonyeza kiungo kibaya, anakupigia simu. Unafanya nini?" Wengi wanakimbilia vifaa. Mimi nasubiri nisikie kwanza kama utamshukuru kwa kupiga. Akifokewa leo, kesho atanyamaza, na tutajua baada ya wiki tatu. Kisha ondoa kompyuta kwenye mtandao bila kuizima, badilisha nywila yake ukiwa kwenye kifaa kingine, na uangalie nani mwingine alipata barua ile.

Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, halafu eleza ungeanzia wapi kukitafuta.

Nimepata kazi! Siku ya kwanza nifanye nini?

Hongera sana. Omba vitu vitatu: orodha ya mifumo yote ya kampuni, mchoro wa mtandao, na namba za watu wa kupigiwa saa nane usiku. Kuna uwezekano mkubwa orodha imepitwa na wakati na mchoro haupo. Anza kuuchora. Tembea ofisi kwa ofisi, jitambulishe, uliza kila mmoja anaingia kwenye mfumo gani, saa ngapi, kwa kifaa gani. Na ukifika stoo, angalia chini ya meza.